Mguu wa Kushoto wa Sabuni

Mutomo, Kitui
6 Mei 1973

Kwa Kinuthia,

Nakusalimu. Mguu wangu uko ndani ya plasta kuanzia kidole mpaka paja, na daktari wa misheni amesema nisithubutu kuukanyaga kabla ya Agosti. Mke wangu Mutindi ananilisha kama mtoto na kunicheka kama mtu mzima. Yule fahali aliyenibana kwenye josho hata hakugeuka kunitazama. Hayo ndiyo ya kwangu.

Sasa ya huko. Watu wa basi wameniambia tajiri wetu Bwana Thuo amekukabidhi farasi wote, pamoja na Sabuni. Sikatai. Farasi lazima ale, na lazima awepo mtu wa kumlisha. Lakini wewe ulikuja kwetu Sultan Hamud kama saisi wa kulisha na kupiga brashi, na wa kupanda farasi aliyekwisha kufundishwa na mwingine. Kumfundisha farasi mchanga ni kazi tofauti. Sabuni ana miaka mitatu tu. Mtembeze, mpeleke troti, kile kijimbio cha kudundadunda, basi. Kenta niachie mimi.

Nakueleza sababu, usiseme nakunyima. Kwenye kenta, ile mbio ya taratibu, farasi hutanguliza mguu mmoja wa mbele. Akizunguka kushoto ni lazima autangulize wa kushoto, akizunguka kulia ni wa kulia. Akichanganya, anajikwaa kwenye kona na kuanguka pamoja na aliye juu yake. Na farasi akijifunza vibaya mara ya kwanza, kumfundua ni kazi ya mwaka mzima.

Unajua alivyosema Bwana Thuo. Shule zikifungwa Agosti, Sabuni awe tayari kupandwa na binti yake Waithera, na aliyemtayarisha ndiye mkubwa wa banda na ndiye atakayekaa nyumba ya mawe. Nyumba hiyo ninakaa mimi. Watoto wangu walizaliwa humo. Nikitoka humo, sina pengine pa kwenda ila hapa Mutomo, na mvua ya Mutomo unaijua. Kwa hiyo nisisikie mambo mapya.

Ni mimi,
Ndolo Mutiso


Sultan Hamud
19 Mei 1973

Kwa Mzee Ndolo,

Bwana asifiwe. Nimefurahi kusikia bado una mguu mmoja mzima wa kunipigia teke. Farasi wote ni wazima, hata yule mzee kipofu anakula kuliko mimi.

Mambo mapya hukuyataka lakini yapo. Bwana Thuo hataki kungoja. Nilimwambia tumwache Sabuni mpaka upone, akaniuliza kama kalenda yangu ina Agosti mbili. Nimeanza kenta wiki hii. Kulia anaenda kama maji. Kushoto pia anaenda vizuri, isipokuwa mara chache anasahau, na sijui nimkumbushe vipi. Naomba uniandikie kwa urefu, hatua kwa hatua, na kwa mwandiko wa kusomeka. Usiniulize ni kwa nini nataka kwa urefu. Niandikie tu.

Halafu Bwana Thuo ameniambia nilale kwenye nyumba yako ili mchwa wasiichukue. Nimefagia, na mpapai wa Mama Mutindi naumwagia maji.

Kuna jambo lingine. Nilipokuwa naanika blanketi la tandiko, niliona umeshonea kifuko upande wa kushoto, kwa ndani. Ni ngozi ya mbuzi mweusi, manyoya yakiwa bado, na kimefungwa kwa uzi mwekundu. Nilipokibonyeza nikasikia kuna kitu ndani. Mzee, sikuulizi kwa ubaya. Ni nini hicho?

Wako katika Bwana,
Kinuthia


Mutomo
31 Mei 1973

Kwa Kinuthia,

Kile kifuko hakikuhusu. Kiache pale kilipo. Usikifungue, na usimwonyeshe mtu, hasa Bwana Thuo.

Kuhusu mchwa, miaka yote hii hawajaila nyumba ya mawe, leo ndio wamepata njaa? Na nani alikwambia ukae humo, ni Bwana Thuo kweli au ni wewe uliyemwomba? Nasikia jioni mnasimama uani mnazungumza Kikuyu, mnacheka. Mimi sina neno na lugha ya mtu. Lakini mtu akiwa mbali na kazi yake, kila kicheko anakisikia.

Umeuliza, nitakujibu, maana farasi hana hatia. Mzungushe kushoto kwa troti. Mkikaribia kona, mguu wako wa kulia urudishe nyuma kidogo ya mkanda wa tumbo umbane nao. Hatamu ya kushoto ivute kidogo tu, aone anakokwenda. Usiiname mbele. Atainuka na mguu wa kushoto bila ugomvi. Akikosea, mrudishe kwenye troti uanze tena, usimpige. Nimekuandikia kwa urefu kama ulivyotaka. Kwa nini ulitaka, utajijua mwenyewe.

Ndolo Mutiso


Sultan Hamud
18 Juni 1973

Kwa Mzee Ndolo,

Nimeisoma barua yako nikairudia. Mtu asiye na la kuficha anasema hiki ni kitu fulani, yanaisha. Wewe umesema nisifungue, nisionyeshe, niache pale kilipo. Nisamehe kwa nitakayosema. Mimi nimelelewa Nyahururu, na kwetu kijana akija kufanya kazi Ukambani, mama yake humwambia aangalie anachokanyaga, asije akakanyaga uchawi. Nilikuwa nacheka maneno hayo. Lakini kila nikimtandika Sabuni nilikuwa nakigusa kile kifuko kwa mkono wangu, na usingizi ukaanza kunikimbia.

Nilikipeleka kwa Mchungaji Jonah. Yeye pia hakutaka kukifungua. Jumapili ya tarehe kumi, baada ya ibada, akina mama waliimba, kikaombewa na kuchomwa nyuma ya kanisa. Kilitoa moshi mwingi na harufu mbaya, watu wakasema mmeona. Jina lako sikulitaja hata kidogo. Lakini wanajua tandiko ni la farasi gani, na farasi huyo alikuwa mikononi mwa nani.

Sasa shida ni hii. Tangu siku ile Sabuni amekataa mguu wa kushoto kabisa. Nafanya vile vile ulivyoniandikia. Anatupa kichwa, anapiga mkia, anatoka na mguu wa kulia. Mchungaji anasema pepo akifukuzwa huacha ukaidi nyuma yake. Mimi sijui. Nina hofu na wewe, sikufichi, lakini sina mwingine wa kumwuliza. Niandikie tena, tena kwa urefu.

Kinuthia


Mutomo
28 Juni 1973

Kwa ndugu yangu mpendwa Kinuthia,

Barua yako imefika na nimeielewa sana. Nakushukuru kwa maombi. Benchi la pili upande wa dirisha ndilo nililokuwa nakalia tangu kanisa lijengwe. Nadhani sasa lina nafasi, unaweza kukaa.

Dereva wa lori la ng'ombe alipita hapa kunijulia hali. Ameniambia alikuona uani na Bwana Thuo, wewe unasoma karatasi na yeye anatikisa kichwa kukubali. Sikuulizi ni karatasi gani. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekufundisha kufunga lijamu ulipokuja hujui mbele wala nyuma. Lakini tuyaache hayo.

Kuhusu Sabuni, yale niliyokuandikia mwezi wa tano yasahau. Hayo ni ya farasi wa kawaida. Sabuni ni mkaidi, anataka kinyume. Ukizunguka kushoto, mbane kwa mguu wako wa kushoto nyuma ya mkanda, na kichwa chake ukivute kulia. Usimwendee polepole. Mpe mbio kabla ya kona ya birika la ng'ombe, pale penye changarawe, na usimwachie mpaka aizunguke. Atakuelewa.

Jambo moja tu. Waithera asimpande. Hata akija na baba yake, hata akilia. Umpande wewe.

Ni mimi ndugu yako,
Ndolo Mutiso


Mtito Andei
21 Julai 1973

Kwa Mzee Ndolo,

Mwandiko huu ni wa dada yangu Wanjiro, mwenye hoteli hapa karibu na kituo cha petroli. Mimi nasema, yeye anaandika, maana mkono wangu wa kulia umefungwa kifuani. Nimevunjika mfupa wa bega na mbavu mbili. Wanjiro anataka kuongeza neno lake hapa, nimemkataza.

Nilifanya kama ulivyoniandikia. Nilimbana kwa mguu wa kushoto, nikamvuta kichwa kulia, nikampa mbio. Aliingia kona ya birika mguu wa kulia ukiwa mbele, mwili unataka huku na miguu inataka kule. Akalala ubavu juu ya changarawe. Yeye aliinuka akajikung'uta. Mimi sikuinuka. Bwana Thuo alikuwa amesimama uani anatazama, na barua yako alikuwa amekwisha kuisikia.

Ndiyo, alikuwa ameisikia. Sasa nikwambie karatasi niliyokuwa nasoma. Ulipovunjika, Bwana Thuo alitaka kukuandikia kwamba kazi imekwisha. Aliniambia mtu wa mguu mmoja atanifundishia farasi gani. Nikamjibu kwamba kichwa cha Ndolo hakikuvunjika. Nikamwambia nitakuwa nakuandikia, na kila utakachosema juu ya Sabuni nitamsomea, kisha aone kwa macho yake ni nani anamfundisha. Alikubali, akanionya nisikwambie, maana hakupenda uone anakupima. Ndiyo sababu niliomba kwa urefu. Barua yako ya kwanza nilipomsomea yale ya mguu wa kutangulia, na Sabuni akaanza kenta vizuri mbele yake, alicheka akasema huyu Mkamba ana maneno. Hicho ndicho kicheko ulichosikia huko Mutomo.

Kazi yako sikuitaka hata siku moja. Joto la Sultan Hamud linanimaliza. Niliomba kurudi Nyahururu tangu Pasaka, nikabaki kwa ajili yako.

Nikiwa pale chini, Bwana Thuo aliniinamia akauliza, ni kweli Ndolo alisema mguu wa kushoto? Nikasema hapana, mimi ndiye niliyesoma vibaya. Akanitazama sana. Kisha akasema wakuite urudi, hata kama bado unatembelea fimbo.

Mzee, nimelala hapa chumba cha nyuma nasikia malori usiku na mchana, na ninawaza. Mtu aliyeishi na farasi kama wewe hachanganyi kulia na kushoto. Na kama ulichanganya, mbona ulisema Waithera asimpande? Nijibu. Na uniambie ndani ya kile kifuko kulikuwa na nini.

Kinuthia


Sultan Hamud
6 Agosti 1973

Kwa Kinuthia,

Kulikuwa na katani. Nyuzi za katani nilizozipondaponda zikawa laini, na kipande cha blanketi kuukuu, basi. Lile tandiko limeoza upande wa kushoto, ubao wake unamchoma Sabuni begani kila anapotaka kunyoosha mguu ule. Bwana Thuo alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa anahama, na hakutaka kusikia kwamba aliuziwa kitu kibovu. Alikataza lisiguswe. Kwa hiyo nilishona kifuko kwa siri, kwa ngozi ya mbuzi wa Krismasi na uzi wa Mutindi. Ndiyo maana nilisema usimwonyeshe. Nilikuwa naweza kukueleza haya mwezi wa tano kwa mstari mmoja. Nilikataa kwa sababu nilidhani unanichimba, na hicho kifuko ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho wewe hukuwa nacho.

Barua ile ya Juni, nilijua. Nilijua utaanguka, na nilitaka uanguke Bwana Thuo akiona. Kufa sikutaka ufe. Lakini sitasema kwamba nililifikiria sana.

Haya siyasemi unihurumie. Na wewe usijione umetoka hapo msafi. Jana nilikwenda kanisani na fimbo yangu. Nilipoketi benchi la pili, Mama Kasyoka alibeba mtoto wake akahamia nyuma. Mchungaji Jonah alinisalimia kwa ncha za vidole. Mutindi akifika bombani, wanawake wananyamaza na kumpisha kama mgeni, na huyo ndiye aliyewazalisha nusu yao. Wewe ulichoma ngozi ya mbuzi ukanichoma na mimi pamoja. Huku kwetu mtu akishaitwa mchawi, hatoki humo kwa kuapa. Akiapa sana ndiyo wanazidi kuamini. Nimekaa hospitalini na nyumbani miezi mitatu na sikulia. Jana nililia.

Nimeshona kifuko kingine, mara hii mbele ya Bwana Thuo, na nikamwonyesha ubao wa tandiko lake. Aliubonyeza mwenyewe kwa kidole. Nilimzungusha Sabuni kwa kamba ndefu, tandiko mgongoni bila mtu. Kushoto alitoka na mguu wa kushoto, kama hajawahi kukosea maishani mwake.

Lakini hiyo ni bila mtu. Goti langu halikunjiki, siwezi kumpanda, na Waithera amekwisha kufika kutoka shule, kila asubuhi yuko bandani na kofia yake. Bwana Thuo hakuamini uliposema ulisoma vibaya. Anasema mtoto wake hapandi farasi aliyeangusha mtu, mimi nikiwa nimeshika kamba, mpaka akuulize wewe ana kwa ana kama mimi ni mtu wa kuachiwa. Ukisema la, tunafungasha vitu mwisho wa mwezi. Sikuombi useme ndiyo. Uliuliza, nimekujibu.

Ndolo Mutiso


Mtito Andei
13 Agosti 1973

Kwa Mzee Ndolo,

Hii nimeandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Wanjiro aliposoma barua yako alisema kuna jibu moja tu la kumpa Bwana Thuo, na fupi. Nilimwambia aendelee kukaanga mandazi yake. Kisha nami nikakaa siku nzima sijui nifanye nini, maana nilikuwa naomba sana useme ilikuwa ni makosa. Hata ungenidanganya ningekubali.

Nitakuja Jumapili. Nimemwandikia Mchungaji Jonah anipe nafasi kabla ya mahubiri. Nitasimama mbele niwaeleze kwamba tulichoma katani, na kwamba aliyeileta kanisani ni mimi, kwa sababu ya hofu niliyotoka nayo kwetu. Nitasema nikimwangalia Mama Kasyoka usoni. Nikimaliza nitakwenda bombani nimtafute Mama Mutindi, nimwombe msamaha mbele ya wanawake wale wale. Sijui kama watasadiki wote. Lakini mimi ndiye niliyewapa maneno ya kusema, na mimi ndiye wa kuwanyang'anya.

Baadaye nitakwenda kwa Bwana Thuo. Akiniuliza kama Waithera anaweza kumpanda Sabuni wewe ukishika kamba, nitasema ndiyo, na nitasema upesi asije akaona shaka. Ni kweli anaweza. Ulikuwa na hasira kiasi cha kutaka mifupa ya mtu ivunjike, na bado ulisimama ukaandika mtoto asimpande. Mtoto yule hatapata mtu wa kumwangalia kuliko wewe. Kwa hiyo kazi ni yako, na nyumba ni yako.

Ila mimi nimeusoma ule mstari mara nyingi kuliko ulivyodhani utasomwa. Ulikumbuka kumwondoa yeye, kisha ukaandika, umpande wewe. Nilikuwa nalala kwenye nyumba yako wakati huo. Nilikuwa nakusifu uani kila jioni mpaka Bwana Thuo akanichoka. Najua nami nilikuogopa bila sababu, na nilikuumiza vibaya, na sisemi langu ni dogo. Nimekusamehe, na Mungu nimemwambia hivyo. Lakini sitapanda tena farasi wewe ukiwa ndiye wa kuniambia nigeuke wapi.

Jumapili mchana nitashika basi la Nairobi niende kwetu. Lile la kunileta asubuhi litafika Sultan Hamud saa mbili. Usije kunipokea.

Kinuthia